Binti wa Daraja

Caifeng ni jirani yangu, mlango wa pili kutoka kwangu, na si mtu wa kuongopa. Amefundisha hesabu katika shule ya msingi ya Yunkeng miaka ishirini na miwili, na ukimletea habari isiyojumlishika anakukatisha hapo hapo. Kwa hiyo aliponisimulia haya, tumekaa uani kwake tunamenya machipukizi ya mianzi, sikuthubutu kucheka. Nilikuwa naitazama mikono yake. Kisu kilikuwa hakitulii.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Ilikuwa Jumapili, wiki moja baada ya kimbunga kupita na mto kurudi mahali pake. Shule ya sekondari ilikuwa bado imefungwa, madarasa yamejaa matope, hivyo binti yake Qiaoyin alikuwa nyumbani. Mama mkwe wa Caifeng, Bibi Zhuo, alikuwa jikoni anakaanga mboga huku akilalamika kwamba mkwewe amesoma sana lakini kuchagua figili hajui. Mume wa Caifeng alikuwa mbali, Shanghai, anaendesha lori la zege. Walikula wote watatu. Qiaoyin akamaliza chakula, akaweka bakuli mezani, akasema, "Mama, nasinzia." Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

"Nenda kalale," Caifeng akamjibu bila kuinua macho kwenye madaftari. "Umekuwa kama wazee wa karata, kusinzia mchana."

Akalala nusu saa. Alipoamka, ncha za nywele zake zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyekuwa amemwona akienda bombani.

Bakuli lile alilolia chakula Qiaoyin halikuwa la nyumba ile. Lilitoka darajani. Daraja letu la zamani, lile la mbao lenye paa, halikuwa kitu cha kuvukia tu. Kila siku ya tatu na ya nane katika siku kumi tulifanyia soko humo. Maharusi walipitishwa humo, wazee walichezea karata humo, na tarehe tano ya mwezi wa tano wanawake wote tulilipita mara saba kwenda na kurudi ili mwaka uwe salama. Majina ya babu zetu waliolichangia yaliandikwa kwa wino juu ya boriti. Katikati palikuwa na kijumba cha mungu, na pale ndipo watoto dhaifu walipopelekwa kupewa mama wa pili. Mtoto anayeugua ugua hukabidhiwa daraja limlee, kwa sababu daraja limesimama miaka mia nne likibeba kila mtu bila kuchoka.

Qiaoyin alizaliwa mdogo kama paka, siku mbili kabla ya mwaka mpya wetu. Alipofika miezi mitatu akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Zahanati ikamrudisha nyumbani. Bibi Zhuo akamfunga mgongoni, akaenda naye darajani, akafunga uzi mwekundu kwenye nguzo ya tatu upande wa mashariki, akasema, "Mama mlezi, huyu ni wako mpaka atimize miaka kumi na sita. Baada ya hapo tutakuja kumchukua kwa heshima." Akaondoka na bakuli na vijiti vya kulia kutoka kwenye kijumba kile, mtoto awe analishwa na mama yake mlezi. Kukakamaa kukaisha wiki ile ile. Caifeng hakupinga. Alikuwa msomi, lakini mtoto alikuwa wake.

Kumchukua mtoto nako kuna utaratibu. Unapeleka bakuli la tambi ndefu na mayai mawili mekundu, unarudisha bakuli na vijiti, unashukuru, unakata uzi kwa mkasi, unamwita mtoto kwa jina arudi nyumbani, na mtu aliyebaki nyumbani anaitika kwa niaba yake, "Amerudi." Basi. Asiyechukuliwa anabaki wa daraja.

Mafuriko yalilichukua daraja mchana, saa saba na nusu. Kijiji kizima tulikuwa mlimani tunatazama. Maji yaliliinua zima zima, na paa lake na mabenchi yake, kama mtu anavyoinua sinia la chai, likageuka polepole, kisha likapasuka. Wanaume wazima walilia. Qiaoyin alikuwa amesimama kando ya mama yake na hakulia.

"Ameondoka bila mimi," akasema.

Caifeng alimkumbatia. Alidhani ni majonzi.

Sasa, Jumatatu Qiaoyin akalala saa nzima. Jumanne saa mbili. Kila siku ilikuwa saa saba na nusu kamili, awe anakula, awe anafua, macho yalimlemea akajikongoja mpaka kitandani. Jumatano Caifeng akamkuta katikati ya usingizi amekunja mabega, mikono ameibana kifuani, kama mtu aliyelala mahali pembamba. Akamgusa shavu. Lilikuwa la baridi. Chumba kizima kilinuka mbao iliyotoka kupigwa randa.

Daktari wa zahanati akampima, akasema damu yake imepungua, akampa vidonge vya madini ya chuma. Alhamisi akalala mpaka jioni.

"Huwa unaota nini?" Caifeng akamuuliza, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Sioti. Naenda."

"Unaenda wapi?"

"Kwa bibi mmoja. Ni mgonjwa. Ananikaribisha chai, lakini siwezi kuishika." Qiaoyin alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Nalala kwenye kitanda chake kipya. Bado yeye hajaanza kukilalia. Kina mbao pande zote, Mama. Nikiwa humo sisikii mto."

Caifeng akatoka chumbani taratibu. Jikoni alimkuta Bibi Zhuo amekaa kwenye kigoda, bakuli lile la darajani, la bluu, mapajani, analisugua kwa kitambaa ingawa lilikuwa safi.

"Uzi haujakatwa," Bibi Zhuo akasema bila kumtazama. "Daraja limeondoka na uzi wetu."

"Mama, tafadhali."

"Linamvuta mtoto wake."

"Lingemvuta kwa nini?" Caifeng akauliza, na hata yeye alishangaa kwamba alikuwa anabishana kwa hoja. "Makubaliano ni miaka kumi na sita. Bado miezi mitano. Ana kumi na mitano."

Bibi Zhuo akanyanyua macho. "Nani ana kumi na mitano?"

"Qiaoyin. Cheti kinasema."

"Cheti." Mama mkwe akaliweka bakuli chini. Akanyoosha vidole vyake vilivyopinda, akaanza kuhesabu kama tunavyohesabu sisi tangu zamani, si kama serikali. Mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja. Kila mwaka mpya unapoingia anaongeza mmoja. "Kazaliwa, mmoja. Siku mbili baadaye mwaka mpya, miwili. Alikuwa hajafungua macho vizuri, mwalimu, na alikuwa na miaka miwili." Akaendelea mpaka vidole vikaisha, akavirudia. "Kumi na saba. Mtoto huyu ana kumi na saba. Kumi na sita alitimiza mwaka jana."

Caifeng akasimama pale pale. Mwaka jana, siku za mwaka mpya, mama mkwe alikuwa amemwambia, wakiwa wanafunga maandazi ya mchele, kwamba muda wa mtoto umefika, watafute siku nzuri. Naye alikumbuka alivyomjibu. Alimjibu huku akicheka.

"Mama, hesabu niachie mimi."

Bibi Zhuo hakumkumbusha. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kwa miaka miwili kasoro, mama mlezi alikuwa amesubiri mayai yake na shukrani yake, na hakuna aliyekuja. Angeelewa nini? Angeelewa kwamba ameachiwa mtoto. Na mama aliyeachiwa mtoto, akihama, huhama naye.

Ijumaa Qiaoyin alilala saa saba na nusu, na Jumamosi asubuhi alikuwa hajaamka.

Alikuwa anapumua. Pumzi moja, kisha muda, kisha nyingine. Caifeng alimtingisha, akamwita, akammwagia maji. Akapiga simu zahanati, wakasema gari la wagonjwa litafika mchana kwa sababu barabara ya juu imekatika. Hapo ndipo alipotoka mbio, kandambili mguuni, mpaka uwanja wa shule.

Uwanja ule ndipo zilipolazwa mbao za daraja. Tangu mafuriko, vijana walikuwa wameufuata mto siku baada ya siku, na vijiji vya chini vilirudisha kila walichookota, wengine kwa fataki na chai. Fundi Miao, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa madaraja, alizipanga zote kwa alama zake za wino, ili mwakani alijenge upya. Alikuwa amechuchumaa na sigara isiyowashwa mdomoni.

"Fundi, nguzo ya tatu ya mashariki iko wapi?"

Fundi Miao akatoa sigara mdomoni. "Nguzo zote zimerudi," akasema. "Ila hiyo."

"Nani anayo?"

"Mwalimu, hii si habari ya kuisema kwa sauti." Akainuka, akamsogelea. "Kuna mtu huko Shawei, anaitwa Gan Dezhu. Mama yake alikuwa mahututi. Wiki ile ile ya mafuriko akamchongea jeneza. Msonobari wa zamani, mwekundu mpaka kiini. Mbao ya namna hiyo siku hizi huipati popote. Watu wamenyamaza, kwa sababu utamwambiaje mtu akupe jeneza la mama yake?"

Kitanda kipya. Mbao pande zote.

"Huyo mama yu hai?"

"Amefariki juzi. Wanamzika leo. Saa sita wanalitoa jeneza."

Ilikuwa saa nne na robo.

Sitaeleza sana safari ile. Fundi Miao alitoa kilori chake cha magurudumu matatu. Caifeng alirudi nyumbani akachukua bakuli la bluu, vijiti, mkasi. Bibi Zhuo, bila kuulizwa, alikuwa ameshachemsha tambi na kupaka mayai rangi. Wakaelewana kwa maneno machache: nitakapomwita nitapiga simu, wewe uiweke sikioni kwake, kisha uitike.

"Nitaitika," Bibi Zhuo akasema. "Nenda."

Barabara ya Shawei inafuata mto. Maji yalikuwa bado ya kahawia. Kila mahali palikuwa na matawi na nguo zilizonasa juu ya miti, mahali ambapo maji yalifika. Caifeng alikuwa amelikumbatia sufuria la tambi kifuani. Mara tatu barabara ilikuwa imemezwa na udongo, wakashuka, wakasukuma. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro kumi.

Walipofika Shawei, jambo la kwanza alilotambua ni ukimya. Msiba wa kwetu una kelele. Kuna tarumbeta, kuna matoazi, kuna wanawake wa kulia. Hapa wapiga tarumbeta walikuwa wamekaa ukutani na tarumbeta zao mapajani. Watu wamejaa uani, nguo nyeupe, wanatazama ndani ya ukumbi. Hakuna aliyekuwa anakula.

Ndani, wanaume wanane walikuwa wamesimama kando ya jeneza, wamelowa jasho. Mipiko ya kubebea jeneza ilikuwa mabegani. Mmoja wa mipiko ulikuwa umevunjika.

"Mara ya tatu hii," mtu akanong'ona karibu na Caifeng. "Halinyanyuki."

"Bibi alikuwa mzito?" Caifeng akauliza.

"Bibi Gan? Alikuwa hafiki kilo arobaini."

Caifeng akapenya. Mwanamume wa makamo mwenye mkanda wa katani kichwani akamzuia. Ndiye Gan Dezhu. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa kulia tu.

"Dada, wewe ni wa wapi?"

"Yunkeng."

Uso wa Dezhu ukaporomoka. Akatazama jeneza, akamtazama Fundi Miao mlangoni, akateremsha sauti. "Ni ile nguzo. Nilijua mtakuja. Nitawalipa, nitawapandia misonobari kumi, lakini si leo. Nawaomba. Mbele ya watu."

"Sikufuata nguzo," Caifeng akasema. "Ilikuwa na uzi mwekundu. Uzi uko wapi?"

Dezhu akamwangalia kama anayeamka. "Mama aliuona. Akaufungua kwa mikono yake, akajifunga mkononi. Alisema ni wa baraka. Tangu siku ile akawa anaongea peke yake mchana. Anasema, mpisheni mtoto. Mpeni mtoto chai. Tulidhani ni homa."

"Kila siku saa saba na nusu."

Dezhu akaitikia kwa kichwa.

"Jeneza lilikuwa tupu bado," akasema, kwa sauti ambayo Caifeng alilazimika kuisogelea. "Lilikuwa hapa hapa ukumbini. Kila jioni nilikuta ndani pamelowa. Umbo la mtu. Mtu mdogo. Nilipanda darini mara mbili kutafuta paa linalovuja."

"Lifungue."

"Misumari mitatu imeshaingia."

"Kaka, ndani ya jeneza hilo yumo mwanangu."

Mtu wa makamo yule, aliyekuwa anamzika mama yake, angeweza kumfukuza. Hakumfukuza. Aliwageukia wanaume wanane, akasema maneno mawili, na mmoja akaenda kuleta koleo. Misumari ilitoka kwa kilio. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Watu wakageuza nyuso zao, kwa sababu kufungua kilichofungwa ni mwiko. Kifuniko kikasogezwa.

Bibi Gan alikuwa humo. Amevaa nguo zake za bluu za safari ya mwisho. Lakini hakuwa katikati, walipomlaza. Alikuwa pembeni kabisa, amejibana ubavu kwa ubavu na ubao wa kushoto, bega limepanda, uso umegeuzwa. Upande wa kulia palikuwa wazi. Godoro la pamba upande ule lilikuwa limebonyea.

Alikuwa amempisha mtu.

Mwanamke mmoja akaanguka nyuma yao. Caifeng hakugeuka. Akapiga magoti. Akamimina tambi katika bakuli la bluu, akaweka vijiti juu, akaweka mayai mawili. Akainama mara tatu mpaka paji la uso likagusa saruji. Kisha akaushika mkono wa marehemu. Uzi ulikuwa umezama katika ngozi. Ulikuwa umelowa, na ulikuwa mpya, mwekundu kama siku ulipofungwa.

Akauweka mkasi. Akabana.

Mkasi haukukata. Akabana kwa mikono miwili. Uzi ule, uzi mmoja wa kushonea, ukateleza katikati ya makali kama waya.

Nyuma yake mtu alisema, "Saa sita imepita."

Hapo Caifeng, mwalimu wa hesabu, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya watu tangu aanze kazi.

"Nilikosea," akasema. Hakuwa anasema na Bibi Gan. Alikuwa anasema na mbao. "Mama mlezi, nilikosea hesabu. Mama mkwe wangu alinikumbusha, nikamcheka. Ulinilelea mtoto miaka yote ile, hakuumwa tena, akakua, na mimi sikuja hata kusema asante. Ulidhani nimekuachia. Sikukuachia. Nimechelewa. Kosa ni langu, halimhusu yeye. Asante. Nimekuja kumchukua."

Ubao ukalia. Mlio mmoja mrefu, kutoka kichwani mwa jeneza mpaka miguuni. Caifeng akabana mkasi na uzi ukakatika bila nguvu, kama unywele.

Akatoa simu. Ikaita, ikapokelewa. Upande wa pili hakusikia neno, ila mvumo, kama maji mengi yanayopita mbali.

"Qiaoyin," akaita. Akaita tena, kwa sauti ya uani, sauti ya kumwita mtoto mdogo anayecheza mbali. "Qiaoyin, rudi nyumbani. Qiaoyin, rudi kwa mama."

Mvumo.

"Qiaoyin."

Mvumo ukakoma. Sauti ya mwanamke mzee ikasema, karibu sana na sikio, taratibu.

"Amerudi."

Caifeng akalia pale pale sakafuni. Wanaume wakamlaza Bibi Gan katikati, wakafunga, wakainama chini ya mipiko. Jeneza lilipanda kwa wepesi hata wale wa mbele wakayumba nusura waanguke. Tarumbeta zikaanza. Dezhu alipopita, alimgusa Caifeng begani, na hawakuonana tena.

Walirudi Yunkeng saa tisa. Bibi Zhuo alikuwa mlangoni, aproni mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja. Mezani, mbele ya bakuli la wali, alikuwa ameketi Qiaoyin. Mashavu yana damu. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka shamba.

"Mama," akasema, mdomo umejaa. "Nina njaa mbaya."

Caifeng alimshika kichwa, akamnusa nywele. Kavu. Alimshika hivyo muda mrefu mpaka msichana akalalamika. Kisha akamfuata mama mkwe jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, asante. Ulivyoitika nilihisi nimezaliwa upya."

Bibi Zhuo akaacha kucheka.

"Niitike nini?" akauliza. "Simu yako sikuipata. Mtandao ulikufa tangu saa tano, mnara wa simu umeanguka. Nilikuwa barabarani nimeinua simu juu kama kichaa." Akageuka kuutazama mlango wa chumba cha kulia. "Niliporudi ndani, nilimkuta ameshaamka mwenyewe."

Kule chumbani, Qiaoyin aliomba wali mwingine.

Hayo yote ni ya mwaka juzi. Fundi Miao hajapata kibali cha kulijenga daraja la mbao, na serikali imetuwekea la zege, zuri, pana, halina paa wala benchi. Qiaoyin ni mzima. Ni wa tatu darasani. Halali mchana, hata akiumwa. Anamsaidia bibi yake jikoni na anamtania mama yake kama zamani.

"Basi mshukuru Mungu," nilimwambia Caifeng pale uani. "Mbona unatetemeka?"

Akamaliza kumenya chipukizi alilolishika.

"Siku ya kwanza tulipovuka lile la zege," akasema, "tulikuwa watatu, mimi, yeye, na Fundi Miao nyuma. Mimi nilikuwa nasikia viatu vyangu. Chap, chap, kama unavyojua, zege. Fundi vile vile. Halafu Fundi akasimama. Akamwacha mtoto atangulie, akasikiliza. Akaniambia, mwalimu, hiyo ni mbao." Caifeng akaweka kisu chini. "Msonobari, akasema. Wa zamani. Huyo anakanyaga msonobari."

"Labda viatu vyake."

"Nimembadilishia viatu mara nne. Nimetandika mazulia nyumba nzima."

"Na umemuuliza?"

"Nimuulize nini?" Akanitazama, na sijawahi kuona uso uliochoka namna ile. "Alikuja nilipomwita. Ananiita mama. Usiku anakuja kunifunika blanketi. Yeyote aliyerudi, jirani, namwandalia chakula, na akichelewa kutoka shule siwezi kukaa. Nimeshakosea hesabu mara moja. Sihesabu tena."

Jua lilikuwa bado juu. Tulikuwa tumelipa lango mgongo, na uani kwa Caifeng ni udongo mtupu, haujawahi kumwagwa hata saruji.

Nilimsikia Qiaoyin akirudi kabla sijamwona. Hatua moja, ubao ukaitika. Hatua ya pili, ukalia kidogo, kama unaobeba uzito wa watu wawili.

"Shikamoo, shangazi," akanisalimia, akapita akaingia ndani.

Caifeng akaokota kisu chake, akachukua chipukizi jingine.